Mashine ya kufulia imekwama: jua kwanza imekwama hatua ipi

Mashine ya kufulia inapogoma, lawama za kwanza huangukia bodi ya umeme, kwa kuwa ndiyo sehemu yenye taa na ndiyo isiyoeleweka. Mara nyingi bodi haina kosa. Kazi yake ni kutoa amri na kusubiri majibu. Vinavyoziba, kulegea, kuchakaa na kuliwa na kutu ni vile vinavyoguswa na maji, sabuni, nyuzi za nguo na mtikisiko. Ndiyo maana fundi mzuri hashiki bisibisi kabla hajauliza: ilisimama ikiwa inafanya nini? Jibu hilo peke yake huondoa zaidi ya nusu ya vitu vya kushuku.

Swali hilo lakini halimsaidii asiyejua mashine hufuata mpangilio gani. Ukibonyeza kitufe cha kuanza, kufuli ya mlango hujifunga na kuiarifu bodi kwamba mlango uko salama. Valvu iliyo nyuma hufunguka, maji hupitia droo ya sabuni na kuingia kwenye tangi. Tangi ni lile pipa la nje usiloliona. Ngoma yenye matundu, unayoiona ukifungua mlango, huzunguka ndani yake. Maji yakipanda husukuma hewa iliyonaswa kwenye kimpira chembamba hadi kwenye sensa ya kina cha maji, na sensa hiyo ndiyo huamua kwamba yametosha. Kama programu inataka maji ya moto, hita huwaka. Mota huzungusha ngoma huku na huko. Kisha pampu hutoa maji machafu, mashine hujaza tena ili kusuuza, hutoa tena, na mwishowe hukamua. Mashine nyingi zenye mlango wa mbele hukamua kwa mizunguko kati ya 1000 na 1400 kwa dakika.

Zenye mlango wa juu hufuata mpangilio karibu huo huo, ila nyingi hazina hita. Za mapipa mawili, ambazo unahamisha nguo kwa mkono kutoka pipa la kufulia kwenda la kukamulia, hazina bodi kabisa. Zina swichi za kuzungusha zenye saa, na kwa hiyo ni rahisi kuliko zote kuzisoma.

Kabla ya kugusa chochote ndani, chomoa plagi kutoka kwenye soketi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu umeme unaendelea kufika ndani. Funga koki ya maji. Kama mashine ilikuwa kwenye programu ya nyuzi 60 au 90, iache ipoe, maana lita kadhaa za maji ya moto zikimwagika miguuni ni ajali kubwa.

Haiwaki, au inawaka lakini haianzi

Chomeka kifaa kingine kwenye soketi ile ile. Ukikuta soketi ni nzima, angalia kama plagi imebabuka au ina weusi. Mashine yenye hita ya wati 2000 huvuta ampea 8 hadi 9 kwenye umeme wa volti 230, na waya mwembamba wa nyongeza ukitumika kwa mzigo huo huchemka na kuyeyuka. Mashine ichomekwe moja kwa moja ukutani.

Ikiwa taa zinawaka lakini kazi haianzi, sikiliza mlio mdogo wa "tak" mlangoni. Usipousikia, kuna nguo iliyobanwa mlangoni, ndoano ya mlango imevunjika, au kufuli yenyewe imekufa. Angalia pia kama kufuli ya watoto imewashwa au kama mtu aliweka saa ya kuanza baadaye. Ni mambo madogo, lakini yamewafanya watu wengi kulipa fundi aje kubonyeza kitufe kimoja.

Maji hayaingii, au yanaingia kidogo

Anza na koki, kisha mpira wa maji: je, umekunjika nyuma ya mashine iliposukumwa ukutani? Halafu fungua mpira pale unapoungana na mashine. Ndani ya mdomo wa valvu kuna kijichujio cha wavu, ukubwa wa ncha ya kidole, ambacho huzuia mchanga na kutu. Kikijaa, maji huingia kwa kudondoka na mashine hukata tamaa baada ya dakika chache. Kivute taratibu kwa koleo yenye mdomo mwembamba, kisugue kwa mswaki chini ya maji, kirudishe. Usikiache nje hata kama mashine "inajaza vizuri zaidi" bila hicho. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye valvu itaizuia isifunge, na hapo utakuwa umebadilisha tatizo la kusafisha kwa tatizo la kununua.

Kama chujio ni safi, pima nguvu ya maji. Weka mdomo wa mpira kwenye ndoo ya lita 10 na ufungue koki yote. Ikichukua zaidi ya dakika mbili kujaa, tatizo liko kwenye maji. Hili huwapata hasa wanaotumia tangi lililoinuliwa. Kila mita 10 za kimo kati ya uso wa maji na koki hutoa shinikizo la baa 1 hivi, kwa hiyo tangi lililo mita 3 juu ya koki hutoa baa 0.3 tu. Mashine nyingi za mlango wa mbele huandikwa kwamba zinahitaji angalau baa 0.5. Suluhisho ni pampu ndogo ya kuongeza shinikizo, au kuchagua mashine iliyoandikwa kwamba inakubali shinikizo dogo. Kubadilisha valvu hakutasaidia.

Maji yakiwa na nguvu na bado hayaingii, sasa ndiyo zamu ya valvu. Kwa umeme wa volti 230, koili yake (waya uliozungushwa unaoivuta ifunguke) ikipimwa kwa multimita, yaani kipima umeme, plagi ikiwa nje ya soketi, kwa kawaida huonyesha kiloomu 3 hadi 5. Ikionyesha kwamba hakuna njia kabisa, koili imekatika.

Kuna tatizo la upande wa pili: maji yanaingia bila kukoma. Hapa kipimo ni kimoja na ni cha uhakika. Maji yakiwa yanaingia, chomoa plagi. Yakiendelea, valvu imenasa ikiwa wazi, ama kwa uchafu au kwa mpira wake wa ndani kuchoka. Hakuna umeme unaoifungua. Yakikatika mara moja, valvu ni nzima na kuna kitu kinachoiamuru ifungue, mara nyingi sensa ya kina cha maji isiyopata habari sahihi. Chomoa kile kimpira chembamba kinachounganisha sensa na tangi. Ukikuta kina tundu, kimelegea, au chumba chake cha chini kimeziba kwa utando wa sabuni, umepata chanzo. Safisha chumba hicho, rudisha kimpira, ujaribu tena.

Maji hayatoki

Hili ndilo tatizo la kawaida kuliko yote kwenye mashine za mlango wa mbele, na ndilo ambalo mtu anaweza kulitatua mwenyewe mara nyingi zaidi. Nguo zinabaki zinaogelea, mlango haufunguki, na kwenye kioo inatokea alama ya hitilafu. Mlango haufunguki kwa sababu kufuli haiachii maji yakiwa bado juu. Usiuvute kwa nguvu; mshikio utavunjika kabla kufuli haijalegea.

Chini ya mashine, kwa mbele, mara nyingi upande wa kulia, kuna kifuniko kidogo. Nyuma yake kuna chujio la pampu, na kwenye mashine nyingi kuna kimpira chembamba chenye kizibo kando yake. Weka trei bapa na taulo chini. Toa kizibo cha kimpira na uyaache maji yatoke. Ukikuta trei imejaa, rudisha kizibo, mwaga, endelea. Inaweza kuwa zaidi ya lita 10, hivyo vumilia. Kama hakuna kimpira, legeza chujio robo mzunguko tu kinyume cha saa na uyaache yachuruzike kidogo kidogo.

Maji yakiisha, toa chujio lote. Utakuta nyuzi, sarafu, pini za nywele, vifungo, vijiti vya meno, wakati mwingine soksi ya mtoto mchanga. Usiishie hapo. Mulika tundu kwa tochi uone feni ya pampu, kisha izungushe kwa kijiti. Feni ya pampu nyingi huzunguka kwa kukatakata, kana kwamba inashikwa na kuachiwa. Hiyo ni sumaku ya ndani na ndiyo hali yake nzuri. Ikigoma kabisa, kuna kitu kimebana chini yake, mara nyingi uzi wa nywele uliojiviringisha au kipande cha plastiki. Ikizunguka bure bila kushikwa popote, imekatika kwenye mhimili wake na pampu ibadilishwe.

Futa mpira wa chujio, funga mpaka mwisho, weka programu ya kutoa maji pekee na usikilize. Pampu ikinguruma bila maji kutoka, ama imebanwa au mpira wa kutolea maji umeziba mbele yake. Ikiwa kimya kabisa, haipati umeme au koili yake imekatika. Za volti 230 mara nyingi hupima kati ya omu 100 na 200. Ikizunguka kwa sauti ya kawaida lakini maji hayaji, angalia mpira mnene uliopinda kati ya tangi na pampu. Soksi hupenda kujificha hapo, mahali ambapo chujio halijaziona wala mkono wako haujafika.

Urefu wa mpira wa kutolea maji nao una masharti yake. Mdomo wake uwe kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni kwa mashine nyingi za mlango wa mbele. Ukiwa juu zaidi, pampu inashindwa kupandisha. Ukiwa chini sana, au ukisukumwa kwa kina ndani ya bomba la ukutani na kuzibwa pembeni usipate hewa, maji hujivuta yenyewe na kutoka wakati mashine bado inajaza. Dalili yake huwachanganya wengi: mashine inajaza muda wote, haifui, na tangi halina maji. Watu hubadilisha sensa na bodi, kumbe dawa ni kuuinua mpira na kuuacha ndani ya bomba sentimita 10 hadi 15 tu.

Mashine nyingi za mlango wa juu hazitumii pampu. Zina valvu chini ya tangi inayovutwa na mota ndogo, na maji hutoka kwa uzito wake. Hizi mpira wake lazima ulale chini. Kifungo au kijiwe kikikaa kwenye mpira wa valvu hiyo, haifungi sawasawa na maji hupotea polepole. Ukiona maji yanachuruzika kwenye mtaro wakati wa kufua, chanzo ni hicho.

Inafua vizuri lakini haikamui

Kwanza hakikisha maji yametoka. Hakuna mashine ya kisasa itakayokamua kwa kasi ikiwa sensa bado inaona maji, kwa hiyo "haikamui" mara nyingi ni "haitoi maji" kwa jina jingine.

Maji yakiwa yametoka, tazama mzigo. Blanketi moja, jinzi mbili nzito au mkeka wa bafuni ukiwa peke yake huvuta maji na kujikusanya upande mmoja. Mashine hujaribu kusambaza nguo mara kadhaa, ikishindwa hupunguza kasi au huacha. Hiyo ni busara yake ya kujilinda, si hitilafu. Fungua, tawanya nguo, ongeza taulo mbili kavu kusawazisha uzito, urudie kukamua. Mzigo uliojaa kupita kiasi una matokeo yale yale. Kwenye ngoma ya mlango wa mbele, kiganja chako kisimame wima juu ya nguo bila kubanwa.

Ngoma isipozunguka kabisa hata wakati wa kufua, fungua kifuniko cha nyuma. Mkanda uliotoka au kukatika unaonekana mara moja, na unga mweusi chini yake unaonyesha ulikuwa ukisagika kwa muda mrefu. Mkanda mpya uwe na namba ile ile iliyoandikwa kwenye wa zamani, maana tofauti ndogo ya urefu hutosha kuufanya uteleze.

Mota zenye kaboni, yaani vijiti vya makaa vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka, huchoka kwa namna inayotambulika. Ngoma inazunguka leo, kesho inagoma, ukiisukuma inaendelea, na wakati mwingine kuna harufu ya kuungua au cheche nyuma. Kaboni mbili hukaa pande mbili za mota, kila moja ndani ya kishikio chake. Zikibaki chini ya sentimita 1 hivi, badilisha zote mbili pamoja hata kama moja inaonekana ndefu kidogo. Mota za inveta, zinazoendeshwa na saketi ya kielektroniki, hazina kaboni, basi usizitafute.

Mashine za mapipa mawili na nyingi za mlango wa juu hutumia mota yenye kapasita, kifaa kinachohifadhi umeme wa kuisaidia ianze. Dalili ya kapasita iliyochoka ni mota kunguruma bila kuanza, na ukiipa mkono kidogo inaanza. Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zile zile na volti zisizopungua za zamani. Hii ni sehemu ambayo hubaki na umeme hata plagi ikiwa imechomolewa; iachie chaji kupitia rezista kabla ya kuishika, na kama hujui namna ya kufanya hivyo, mwachie anayejua. Kwenye pipa la kukamulia la mapipa mawili, angalia pia kifuniko. Kukifunga ndiko kunakoachia breki na kuwasha swichi. Waya wa breki ukilegea, mota itavutana na breki mpaka inuke.

Inaruka, inagonga, inanguruma

Mashine mpya inayotembea chumbani tangu siku ya kwanza karibu daima imeachwa na bolti za usafiri. Ni bolti ndefu, kwa kawaida tatu au nne, zilizofungwa nyuma ili tangi lisicheze njiani. Zitoe zote, ziba matundu kwa vizibo vilivyokuja nayo, na uzihifadhi, kwa sababu utazihitaji siku ya kuhama. Mashine ikikamua na bolti hizo ndani, mtikisiko wote huingia kwenye mwili wa mashine na kwenye beringi.

Kwa mashine ya siku nyingi, bonyeza pembe mbili zinazotazamana kwa mshazari, kisha nyingine mbili. Ikicheza, mguu mmoja hauko chini. Rekebisha urefu wa mguu, kisha kaza nati yake ya kufungia juu kuelekea mwili wa mashine. Nati hii husahaulika, na bila hiyo mguu hujilegeza tena baada ya mizigo michache.

Kisha jaribu shokapu. Mlango ukiwa wazi na plagi nje ya soketi, kandamiza ngoma chini kwa mkono na uiachie ghafla. Inapaswa kupanda na kutulia. Ikiendelea kuruka mara mbili tatu, shokapu zimekufa. Zinabadilishwa zote kwa pamoja. Za mlango wa juu hazina shokapu, zina fimbo nne zenye springi, na tangi likilala upande mmoja ujue moja imechoka.

Kelele nazo zina lugha. Mlio wa kugongagonga wa chuma unaofuata mzunguko wa ngoma ni sarafu au waya wa sidiria ulioingia kati ya ngoma na tangi. Usiuache, kwa kuwa waya unaweza kutoboa tangi la plastiki. Hutolewa kwa kufungua hita na kuingiza koleo kwenye tundu lake, au kwa kutoa mpira mnene wa chini. Mngurumo unaokua kadiri kasi inavyopanda, mpaka mwishoni unajaza nyumba, ni beringi. Thibitisha kwa kushika ukingo wa ngoma na kuuinua: ngoma ikicheza yenyewe ndani ya tangi, au ikisaga ukiizungusha kwa mkono, jibu limepatikana. Alama ya kutu inayochuruzika nyuma ya tangi huthibitisha zaidi.

Beringi haifi kwa uzee tu. Huuawa na maji yanayopita kwenye sili (mpira wa kuzuia maji) iliyo mbele yake, kwa hiyo anayebadilisha beringi bila kubadilisha sili ameifanya kazi nusu na atairudia. Ni kazi ya nusu siku au zaidi, kwani tangi lote hutolewa. Kabla ya kuikubali, ulizia mambo mawili. Je, tangi la mashine hiyo hufunguka kwa skrubu, au limeunganishwa kwa kuyeyushwa na haliwezi kufunguliwa bila kukatwa? Na je, msalaba wa alumini ulioshika ngoma kwa nyuma umeliwa? Msalaba huo huoza kwa mabaki ya sabuni, na ukikuta umeoza, ngoma nayo hubadilishwa. Hapo gharama hukaribia ya mashine nyingine, na kukataa matengenezo ni uamuzi wa haki.

Inavuja

Usikaushe tu sakafu. Washa mashine, keti na tochi, uone maji yanatokea wakati gani. Yakitoka wakati wa kujaza, shuku kipete cha mpira (washa) kwenye kiungo cha mpira wa maji nyuma au droo iliyoziba na kufurika. Yakitoka wakati wa kufua, shuku mpira wa mlango: upanue mikunjo yake yote, hasa ya chini, utafute mpasuko, nywele au mchanga unaouzuia kukaa kwenye kioo. Yakitoka wakati wa kutoa maji, ni kifuniko cha chujio kisichokazwa, au mpira wa kutolea maji uliotoboka, mara nyingi pale unapougusa ukuta. Yakitoka wakati wa kukamua tu, kutokea katikati nyuma, ni ile sili ya beringi. Povu likitoka kwenye droo, acha kutafuta tundu; soma sehemu inayofuata.

Povu, harufu na nguo zisizotakata

Sabuni ya unga ya kufulia kwa mkono imetengenezwa ili itoe povu jingi. Kwenye mashine ya mlango wa mbele, inayotumia maji machache, povu hilo ni adui. Hulalia nguo zisigongane, hupanda hadi kwenye sensa na kuidanganya, na huingia kwenye pampu ambayo inaweza kusukuma maji lakini si hewa. Mashine husuuza tena na tena, saa zinarefuka, kisha inaonyesha alama ya kushindwa kutoa maji ingawa chujio ni safi.

Likitokea, simamisha mashine, subiri nusu saa povu litulie, toa maji, kisha endesha kusuuza bila sabuni. Kijiko kimoja cha kilainisho cha nguo kwenye maji hayo husaidia kulivunja. Kuanzia hapo tumia sabuni iliyoandikwa kuwa ni ya mashine, na uanze na vijiko viwili vikubwa vya mfuto kwa mzigo wa kilo 6 au 7 usio mchafu sana. Maji magumu yatadai zaidi, maji laini hayahitaji zaidi ya hapo. Ukitaka kujua kama umekuwa ukizidisha, osha taulo safi kwa maji ya moto bila sabuni. Povu likionekana kwenye kioo, ni sabuni ya majuma yaliyopita ikitoka.

Harufu mbaya hutokana na mabaki hayo hayo yakichanganyika na kilainisho, jasho na unyevu nyuma ya ngoma, mahali usipopaona. Kufua kila siku kwa maji baridi huyaongeza. Mara moja kwa mwezi endesha mashine tupu kwa programu ndefu ya nyuzi 60, au 90 kama ipo. Toa droo yote uioshe, futa mikunjo ya mpira wa mlango, na uache mlango na droo wazi baada ya kila ufuaji.

Mahali penye maji magumu hita hujivika chokaa. Gramu 100 za asidi ya sitriki ndani ya ngoma tupu, kwa nyuzi 60, huiyeyusha. Kufanya hivyo mara mbili au tatu kwa mwaka kunatosha, kwa kuwa asidi ikizidi huchosha mipira. Na kamwe usiichanganye, wala siki, na dawa ya kung'arisha yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na chumba cha kufulia mara nyingi ni kidogo na kimefungwa. Siku ya moja isiwe siku ya nyingine.

Inakata umeme, au inatia ganzi ukiigusa

Angalia tena ni wakati gani. Breka ikiruka mara tu unapochomeka plagi, shuku waya wa plagi au kichujio cha umeme kilicho mwanzoni ndani ya mashine. Ikiruka dakika kadhaa baada ya maji kujaa, wakati hita inapowaka, shuku hita. Hakiki kwa programu ya maji baridi: ikimaliza salama, hita inavujisha umeme ndani. Hita ya wati 2000 kwa volti 230 hupima omu 26 hivi kati ya ncha zake mbili, lakini kipimo hicho kinaweza kuwa kizuri na bado inavuja. Kinachopimwa ni kati ya ncha na mwili wake wa chuma, ambako hakupaswi kuwa na njia yoyote. Ikiruka wakati wa kukamua, tafuta maji yanayorushwa kwenye mota au waya uliochubuka kwa mtikisiko.

Mwili wa mashine ukikutia ganzi, acha kuitumia leo hii. Inaweza kuwa nyaya za ndani zimechubuka, lakini mara nyingi soketi haina waya wa ardhi. Kichujio cha umeme ndani ya mashine hupeleka mkondo mdogo kwenye mwili wa chuma kwa kutegemea kwamba waya wa ardhi utauchukua, na waya usipokuwepo, mkondo huo hukungoja wewe. Siku hita itakapovuja, ganzi hiyo ndogo itakuwa shoti kamili, mikono ikiwa imelowa na miguu kwenye sakafu yenye maji. Fundi umeme athibitishe waya wa ardhi kwa kipimo, na saketi hiyo iwe na breka ya kuzuia mvujo ya miliampea 30. Kuvaa ndala si kinga.

Alama kwenye kioo

Kila kampuni ina alama zake, na hata ndani ya kampuni moja hubadilika kwa aina na mwaka. LG huonyesha IE maji yasipoingia, OE yasipotoka, UE mzigo usipokaa sawa na dE mlango usipofunga. Samsung hutumia 4E au 4C kwa maji kuingia, 5E au 5C kwa maji kutoka. E18 kwenye Bosch ni maji kushindwa kutoka. Zisome kama zinavyosema: OE haisemi pampu imekufa, inasema maji hayakutoka ndani ya muda uliotakiwa. Chujio, mpira uliokunjika, povu na pampu vyote huleta alama ile ile, na ni wewe unayeamua kipi, kwa kufuata njia ya maji kuanzia kilicho rahisi kufikia.

Bodi huingia kwenye orodha pale tu sehemu inayogoma imepimwa ikaonekana nzima, nyaya zake zimechunguzwa hadi kwenye viungio, na bado amri haifiki. Vua na uvirudishe viungio vyote kwanza, kwa sababu kutu ya kijani kwenye pini moja huiga ubovu wa bodi kikamilifu. Ukimaliza ukarabati wowote, usianze na nguo. Endesha kusuuza na kukamua mashine ikiwa tupu, tandika karatasi kavu chini yake, na uikague kila maji yanapoingia, yanapotoka na kasi inapofika juu.